Down sindromu: Down alikuwa nani?

Tunapozungumzia Down sindromu hewani, wasikilizaji hutuuliza jina hili limetoka wapi. Ni jina la mtu, na leo tunawaletea maisha yake kwa ufupi.

John Langdon Down alizaliwa mwaka 1828 Torpoint, mji mdogo wa pwani, kusini magharibi mwa Uingereza. Aliacha shule mapema akamsaidia baba yake dukani. Akiwa kijana wa miaka 18 hivi, mvua kubwa ilimfanya ajikinge katika nyumba ya watu. Humo alimkuta msichana mwenye ulemavu wa akili, akajiuliza kama kweli hakuna la kufanya kumsaidia. Baadaye alieleza kwamba swali hilo ndilo lililompeleka kwenye udaktari.

Alihitimu London mwaka 1856. Miaka miwili baadaye alikwenda kuongoza Earlswood, kituo cha watu wenye ulemavu wa akili. Wakati huo wengi waliamini watu hao hawafundishiki. Down alikataza adhabu, akasimamia usafi, akataka wafundishwe kula wenyewe, kuzungumza na kufanya kazi za mikono. Wengi waliweza.

Mwaka 1866 aliandika kuhusu watoto waliofanana sura kama ndugu, ingawa hawakuwa ndugu. Hapo alikosea: aliwalinganisha na watu wa Mongolia, akawapa jina hilo. Jina hilo liliumiza watu kwa karibu miaka 100, hadi Mongolia ilipolalamika na Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965. Chanzo chenyewe kiligunduliwa Ufaransa mwaka 1959: mtoto huzaliwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili. Si laana, wala si kosa la mama.

Mwaka 1868, Down na mkewe Mary walifungua kituo chao, Normansfield, karibu na London. Mwaka 1879 walijenga hapo ukumbi wa maigizo. Hata hivyo, kilikuwa kituo cha familia zenye uwezo, na watoto waliishi mbali na kwao. Leo tunajua mahali pao ni nyumbani, na shuleni pamoja na wenzao.

Down alifariki mwaka 1896. Mwaka 1905 alizaliwa mjukuu wake mwenye hali hiyohiyo. Familia haikumwonea haya. Ilimpa jina la babu yake, John.

Kama nyumbani kwako yuko mtoto wa aina hii, usimfiche chumbani wageni wakija. Mpeleke hospitali mapema apimwe moyo na masikio, kwa maana wengi huwa na matatizo hapo. Zungumza naye, mpe kazi ndogondogo, mwandikishe shule. Atachelewa kidogo kujifunza, lakini atajifunza.