Bernardino Ramazzini na Vumbi la Unga

Mtu anapochekecha unga wa ngano ili atengeneze maandazi, si unga wote unaoanguka katika bakuli. Sehemu yake ndogo hupanda hewani kama moshi mweupe, nayo hukaa hapo kwa muda kabla ya kutua. Aliyesimama karibu huupumua. Pua humwasha, akapiga chafya mara moja au mbili, kisha akaendelea na kazi yake. Kwa watu wengi jambo hilo huishia hapo. Lakini wako watu wanaopumua unga kila siku, kwa saa nyingi na kwa miaka mingi. Hao ni wasaga nafaka na waoka mikate. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, daktari mmoja wa Italia aliwachunguza watu hao kwa makini. Jina lake lilikuwa Bernardino Ramazzini.

Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, kaskazini mwa Italia. Alisomea udaktari katika mji wa Parma, akahitimu mwaka 1659. Baadaye alikwenda kufanya kazi katika miji midogo iliyo upande wa kaskazini wa Roma. Huko aliugua malaria, ugonjwa ambao siku hizo ulikuwa umeenea sana katika sehemu nyingi za Italia. Alidhoofika hata ikambidi arudi kwao. Mwaka 1671 alihamia mji wa Modena, na mwaka 1682 akawa profesa wa udaktari katika chuo kikuu cha mji huo.

Siku moja watu walikuja kutapisha shimo la choo katika nyumba aliyokaa Ramazzini. Alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka mno, kama mtu anayefukuzwa. Ramazzini alimwonea huruma, akamwuliza kwa nini hafanyi kazi polepole ili asichoke. Mtu yule aliinua macho kutoka shimoni, akamweleza kwamba asiyewahi kuingia humo hawezi kujua taabu yake, na kwamba kukaa ndani kwa zaidi ya saa nne ni sawa na kujipofua. Alipotoka, Ramazzini alimtazama macho. Yalikuwa mekundu, na nuru yake imefifia. Tangu hapo alianza kuwaangalia vizuri maskini wa mji ule, akagundua kwamba baadhi ya vipofu waliokuwa wakiombaomba njiani walikuwa wametapisha vyoo zamani.

Jambo hilo lilimkaa moyoni. Ikiwa kazi ya kutapisha vyoo huharibu macho, je, kazi nyingine huharibu nini?

Tangu zamani za Hippocrates, daktari mashuhuri wa Uyunani, madaktari walifundishwa kumwuliza mgonjwa maswali kadhaa: anaumwa wapi, ameumwa kwa siku ngapi, na amekula nini. Ramazzini aliongeza swali moja. Alitaka kila daktari amwulize mgonjwa anafanya kazi gani. Leo swali hilo laonekana dogo. Wakati ule wenye elimu hawakuona haja ya kuijua kazi ya fundi au kibarua, ingawa wachache walikuwa wameandika habari za wachimba madini. Ramazzini mwenyewe hakuona aibu kuingia katika karakana zilizojaa moshi na harufu mbaya, akasimama humo akitazama mikono, migongo na vifua vya watu waliokuwa wakifanya kazi.

Waoka mikate aliwakuta kazini usiku. Watu wa mji walitaka mkate wa moto asubuhi, kwa hiyo mwokaji alikesha akichekecha unga, akikanda donge na kuchochea tanuri, naye alilala wakati wengine walipoamka. Hapakuwa na mashine. Unga ulimiminwa kutoka katika magunia na kukandwa kwa mikono, hata mikono ya wakandaji ikavimba. Humo ndani hewa ilijaa chembechembe nyeupe zisizotua mpaka kazi ikome.

Ramazzini aliona kwamba watu hao walikohoa sana, sauti zao zilikwaruza na pumzi zao zilikuwa fupi. Baadhi yao hatimaye waliugua pumu. Macho yao nayo yaliwasha. Waokaji walikuwa na desturi ya kufunga kitambaa usoni, lakini alitambua kwamba kitambaa hakikuzuia vumbi lote. Aliwashauri wanawe uso mara kwa mara na kusukutua koo kwa maji yaliyotiwa siki. Dawa hizo hazikuwa na nguvu kubwa, lakini zilikuwa bora kuliko kuwaacha bila shauri lolote.

Ili tuone pale alipopatia na pale alipokosea, hatuna budi kuifuata chembe moja ya unga katika safari yake ndani ya mwili.

Hewa tunayovuta hupita puani. Humo mna vinyweleo na ute unaonata, navyo hunasa chembe kubwa. Chembe hizo tunazitoa kwa kupenga kamasi au kwa chafya. Chembe zilizo ndogo zaidi hupita, zikashuka katika bomba la hewa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, na kila tawi hugawanyika tena na tena kama matawi ya mti, mpaka kufikia vifuko vidogo sana vya hewa vilivyomo mapafuni. Kuta za ndani za mirija hiyo zina ute pia, na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hutikisika daima na kuusukuma ute juu kuelekea kooni, pamoja na uchafu ulionaswa. Kikohozi husaidia kazi hiyo. Chembe nyingi za unga ni kubwa kiasi cha kuishia puani na kooni. Zile zilizo ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita moja ndizo ziwezazo kufika mbali zaidi.

Ramazzini alifikiri kwamba unga ukichanganyika na mate huumuka na kuwa donge, kama lile la katika bakuli, na kwamba donge hilo hugandama kooni na mapafuni na kuziba njia za hewa. Si ajabu kwamba aliwaza hivyo, maana alikuwa amesimama mbele ya watu wanaokanda unga. Lakini sivyo. Unga unaopumuliwa ni kidogo mno kuweza kuwa donge la kuziba mirija.

Mambo mawili tofauti hutokea. La kwanza ni mwasho wa kawaida. Vumbi lolote likiwa jingi huwasha pua, macho na koo, na mtu akitoka nje kwenye hewa safi mwasho hutulia. La pili huwapata watu wachache tu, nalo huitwa mzio. Ndani ya unga wa ngano mna protini. Mwili wa mtu fulani, baada ya kupumua unga kwa miezi au hata miaka, huanza kuzidhania protini hizo kuwa adui na kupigana nazo. Tangu siku hiyo unga kidogo tu hutosha kumdhuru. Kuta za mirija yake ya hewa huvimba, misuli yake hukaza, na ute huongezeka. Njia ya hewa huwa nyembamba, na pumzi ikitoka hulia kama filimbi. Hiyo ndiyo pumu ya waoka mikate. Hata baadhi ya vitu vinavyochanganywa na unga viwandani ili mkate uumuke vizuri vinaweza kuleta mzio wa namna hiyo.

Basi njia za hewa huzibika kweli, kama Ramazzini alivyosema, lakini si kwa donge. Alichokiona kwa macho kilikuwa sahihi. Maelezo yake ya sababu ndiyo yaliyokuwa na kosa, na hakuwa na vyombo vya kumsaidia kulijua.

Mahali pengine alikaribia ukweli kuliko alivyoweza kuthibitisha. Alipowachunguza watu waliopepeta na kupima nafaka ghalani, aliwakuta wakiwashwa mwili mzima, macho na koo yakiwa yamekauka kwa vumbi. Alidhani huenda ndani ya vumbi lile mna vidudu vidogo visivyoonekana. Leo tunajua kwamba nafaka na unga uliokaa sana mahali penye unyevu huweza kuingiliwa na utitiri mdogo mno, na kwamba vumbi la utitiri huo ni moja ya mambo yanayoleta mzio.

Wewe mwenyewe unaweza kuliona vumbi alilolitazama Ramazzini. Chagua chumba chenye kiza kidogo ambacho mwali wa jua unapenya kwa dirisha au tundu. Hakikisha hakuna moto wala taa ya moto karibu, kwa sababu vumbi jingi la unga hewani huweza kulipuka. Mwanafunzi mwenye pumu akae mbali na jaribio hili. Weka bakuli penye mwali, chota unga wa ngano kijiko kimoja, uumimine kutoka kimo cha kifua chako. Kisha usogee kando na kutazama. Ndani ya mwali utaona chembe zikielea. Kubwa hutua mapema, ndogo hupanda na kushuka kwa muda mrefu, hata baada ya wewe kudhani kwamba hewa imekwisha kutakata. Sasa rudia, lakini kijiko ukishushe mpaka karibu kugusa bakuli kabla ya kumimina. Linganisha vumbi la mara ya kwanza na la mara ya pili.

Tofauti utakayoiona ndiyo msingi wa kazi nzuri jikoni. Unga ukimiminwa polepole kutoka karibu, vumbi hupungua. Chekeche likishikwa chini, ndani ya ukingo wa bakuli, ni afadhali kuliko likitikiswa juu. Kibao cha kusukumia chapati kinyunyiziwe unga kidogo kwa vidole, si kurushiwa ukufi mzima. Baada ya kazi, unga uliomwagika upanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu huurudisha hewani, na mfagiaji akaupumua wote. Mlango na dirisha viwe wazi. Mtu ambaye kifua humbana au hulia kila anaposhika unga asiseme ni mafua tu. Yafaa apelekwe kwa daktari, na daktari aelezwe habari ya huo unga. Waokaji wengi wenye pumu ya namna hii hujitambua kwa dalili moja: siku za mapumziko hupata nafuu, na wakirudi kazini kikohozi nacho hurudi.

Mwaka 1700 Ramazzini alitoa kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Alikiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wakati huo, naye alieleza humo zaidi ya kazi 40: wachimba madini, wachoraji, wafinyanzi, wakunga, wavuvi na wengineo, pamoja na wasaga unga na waokaji. Mwaka huohuo aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Padua, kilichokuwa mashuhuri sana. Alikuwa na miaka 67. Kitabu kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1705, na baadaye kwa lugha nyingine za Ulaya.

Katika uzee wake macho yake, yaliyokuwa yametazama mambo mengi, yalififia mpaka akawa karibu kipofu. Wajukuu wake walimsomea na kumwandikia. Hata hivyo hakuacha kukusanya habari. Mwaka 1713 kitabu kilitolewa mara ya pili, kikiwa na kazi nyingine zilizoongezwa, hata jumla yake ikazidi 50. Mwaka uliofuata, 1714, Ramazzini alifariki dunia mjini Padua akiwa na umri wa miaka 81, angali mwalimu wa chuo kikuu.