Mtakatifu Matia Mulumba: Siku Tatu za Tumaini

Kila tarehe 3 Juni tunapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, mawazo yetu huelekea kwenye moto wa Namugongo. Hata hivyo, si wote 22 waliofia huko. Mmoja wao, Mtakatifu Matia Mulumba Kalemba, alikata roho peke yake kando ya njia.

Matia alizaliwa Busoga. Alitekwa na mama yake angali mdogo, akapelekwa Buganda, na huko akalelewa kama mtoto katika nyumba ya bwana mmoja. Alipokuwa mtu mzima alipewa madaraka katika jimbo la Ssingo. Katika kuitafuta kweli alipitia kwanza Uislamu, kisha mafundisho ya Waprotestanti, na hatimaye akafika kwa Mapadre Weupe. Alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882. Kwa ajili ya ubatizo alibaki na mke mmoja. Baadaye, ingawa alikuwa mtu wa cheo, hakuona haya kufanya kazi za mikono na kubeba mizigo. Mapadre walipoondoka nchini mwaka huohuo wa 1882, yeye na wenzake waliendelea kuwafundisha watu imani huko Mityana.

Mwezi Mei 1886, Kabaka Mwanga alipokuwa akiwaua Wakristo, Matia alikamatwa pamoja na rafiki yake, Luka Banabakintu. Tarehe 27, walipokuwa wakipelekwa Namugongo, Matia aliomba auawe palepale Kampala. Akamuaga Luka kama mtu anayetangulia safari, akimwahidi kwamba watakutana kwa Mungu. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamnyofoa nyama mgongoni, kisha wakaifunga mishipa ya damu ili kifo kikawie. Wakamwacha hapo. Watu waliopita baadaye walimsikia akiomba maji, wakakimbia kwa hofu. Alifariki tarehe 30 Mei.

Tuzitazame vizuri tarehe hizo. Tarehe 28 Mei, alipotimiza miaka minne kamili tangu amwagiwe maji ya ubatizo, Matia alikuwa amelala chini, akiwa na kiu. Hapo ndipo tunapoelewa Kanisa linachofundisha: anayebatizwa huzikwa pamoja na Kristo ili afufuke pamoja naye. Tumaini halikumwondolea Matia kiu wala maumivu. Lilimwezesha kungoja.

Sisi wa Hanang na Mbulu, kuanzia Hirbadaw hadi Katesh, tunakujua kungoja huko. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliwaua zaidi ya watu 80. Siku ya maziko waombolezaji walikuwa wengi. Uzito zaidi huja matanga yakishaanuliwa, nyumba inapobaki kimya na mjane anapojiuliza kama Mungu bado anamsikia. Basi tusiwe kama wale waliosikia sauti wakakimbia. Tuwatembelee wafiwa hata baada ya miezi mingi, tuwaombee marehemu wetu katika Misa, na tuungame kwa imani ufufuko wa miili.

Papa Paulo VI alimtangaza Matia na wenzake kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Luka, aliyeuawa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, yumo katika orodha hiyohiyo.

Mtakatifu Matia Mulumba, utuombee.