Melchior Ndadaye: mkimbizi aliyerudi nyumbani akawa rais

Ukitua Bujumbura kwa ndege leo, jina utakalolisoma uwanjani ni la Melchior Ndadaye. Uwanja ulipewa jina hilo mwaka 2019. Huenda unamjua kama rais aliyeuawa, na kila tarehe 21 Oktoba Burundi haifanyi kazi kwa ajili ya kumkumbuka. Lakini wewe unayesoma haya kambini, au unayeishi jirani na kambi, lipo jambo jingine linalokuhusu zaidi: mtu huyu aliishi ukimbizini miaka 11.

Alizaliwa 28 Machi 1953 huko Murama, tarafa ya Nyabihanga, ambayo wakati ule ilikuwa mkoa wa Muramvya. Mwaka 1972 alikuwa mwanafunzi wa ualimu Gitega. Unajua, au wazee wako wanajua, mwaka huo ulikuwaje: uasi uliua Watutsi wengi kusini mwa nchi, kisha serikali ikawasaka Wahutu waliosoma, mashuleni na maofisini. Ndadaye alivuka kwenda Rwanda akiwa kijana wa miaka 19. Wengine walikimbilia Tanzania, na ndio waliofungua mashamba ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Huko Rwanda alimaliza masomo Butare, akasoma chuo kikuu, akafundisha. Siasa nazo alizianzia hukohuko. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa wanafunzi wa Burundi waliojiita wapenda maendeleo, kisha mwaka 1979 UBU, chama cha wafanyakazi wa Burundi chenye mrengo wa kushoto. Walipokosana kuhusu njia ya kufuata, yeye alijitoa, na mwaka 1983 akarudi nyumbani. Upime uamuzi huo vizuri. Burundi ilikuwa na chama kimoja tu, UPRONA, chini ya Rais Bagaza, na hakukuwa na msafara wa UNHCR wala kituo cha mapokezi cha kumngoja mpakani.

Mwaka 1986 yeye na wenzake waliunda FRODEBU kwa siri. Miaka miwili baadaye yakatokea mauaji ya Ntega na Marangara, kaskazini. Ndadaye alisema wazi mkutanoni aliyoyafikiri kuhusu mauaji hayo, akatiwa gerezani. Alipotoka alifanya kazi benki, huku akiendelea kujenga chama, ambacho kilisajiliwa mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa.

Tarehe 1 Juni 1993 alipata takriban asilimia 65 ya kura, na Rais Pierre Buyoya asilimia 32. Buyoya alikubali matokeo. Tarehe 10 Julai Ndadaye aliapishwa, akiwa rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa na wananchi.

Aliamini kwamba amani haiwezi kukaa nchini ikiwa kabila moja linaona serikali ni mali ya kabila jingine. Kwa hiyo alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo Burundi. Wafungwa wa kisiasa wakaachiwa. Alitaka pia jeshi liajiri vijana wa nchi nzima, na hilo liliwagusa wakubwa wa jeshi pabaya. Kwenye ofisi za serikali, hata hivyo, wanachama wa FRODEBU walipewa nafasi nyingi kwa haraka, na upinzani ukalalamika. Kwa maoni yangu lawama hiyo ilikuwa na ukweli: karani anayeondolewa ili kumpisha mwenye kadi ya chama hawezi kuamini kwamba utumishi wa umma umebadilika.

Gumu kuliko yote lilikuwa shamba. Kwa Ndadaye kurudi nyumbani kulikuwa haki, na watu wa 1972 walianza kurudi. Lakini mashamba yao, hasa ya michikichi huko Rumonge na Nyanza-Lac, yalikuwa na watu wengine kwa miaka 20. Aliyerudi alikuwa anadai mti uliopandwa na baba yake. Aliyekuwepo alikuwa na watoto waliozaliwa chini ya mti huohuo, na wapo waliopewa ardhi ile na serikali yenyewe. Ukiwa mwenyeji unayewakaribisha wakimbizi, unaweza kuelewa hofu ya pande zote mbili. Siku mia moja na chache hazikutosha kulimaliza.

Usiku wa kuamkia 21 Oktoba 1993 wanajeshi walishambulia ikulu ya Bujumbura. Ndadaye alipelekwa kambi ya Muha, akauawa. Spika wa bunge, Pontien Karibwami, na makamu wake, Gilles Bimazubute, ambaye alikuwa Mtutsi, waliuawa pia. Vijijini Watutsi wengi, na Wahutu wa UPRONA, walichinjwa na majirani. Jeshi nalo likaua Wahutu. Makumi ya maelfu walikufa. Laki kadhaa walikimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire, wakiwemo waliokuwa wamerudi miezi michache tu kabla.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Burundi ilimhukumu Buyoya kifungo cha maisha kwa mauaji hayo, bila yeye kuwepo. Alikana, na akafariki Desemba mwaka huohuo.

Haki ya mkimbizi kurudi na kurudishiwa mali yake, au kulipwa fidia, iliandikwa katika Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Mashamba ya Rumonge na Nyanza-Lac yalikuwa miongoni mwa yaliyogombaniwa zaidi mbele yake.