Al-Kindi na Mvuke wa Mawaridi
Marashi tunyunyiziwayo harusini hapa Mji wa Kale yatukumbusha Yaaqub bin Is-haka Al-Kindi, aliyezaliwa Kufa yapata mwaka 801. Huko Baghdad aliwatumikia makhalifa Al-Maamun na Al-Muutasim. Kitabu cha manukato kinachonasibishwa naye chaeleza kuchemsha maua na kuupoza mvuke. Zama za Al-Mutawakkil mahasidi walimpokonya vitabu vyake, kisha akarejeshewa. Alifariki yapata 873.

Kilicho chepesi hutangulia kupanda, mvuke ukawa nacho zaidi kuliko chungu. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, mnara huhitaji ngazi nyingi. Ndiyo maana wajenzi wa minara ya mafuta, kama ile iliyofanya kazi Changamwe hadi 2013, huipima kwanza. Vijana wetu na waisome elimu hii. Ni mirathi yao.