Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyefungua njia ya kipimo cha mbegu za kiume

Anayejua biashara ya vitenge hanunui jora kwa kusikia sifa zake. Hulifungua, huinua kitambaa kwenye mwanga, hutazama nyuzi zilivyobanana, ndipo huanza kutaja bei. Karne ya 17, katika mji wa Delft, Uholanzi, alikuwapo muuza vitambaa mwenye tabia hiyo hiyo. Jina lake ni Antoni van Leeuwenhoek, na ndiye mtu wa kwanza kuzieleza mbegu za kiume kwa maandishi baada ya kuziona kwa macho yake.

Alizaliwa Delft mwezi Oktoba 1632. Baba yake, mfumaji wa vikapu, alifariki Antoni akiwa bado mtoto. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ambayo wasomi wa Ulaya waliitumia kuandikiana. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Mwaka 1654 alirudi nyumbani, akamwoa Barbara de Mey na kufungua duka lake mwenyewe.

Nyumba yake ilijua majonzi. Katika watoto watano aliozaa na Barbara, ni binti mmoja tu, Maria, aliyefikia utu uzima. Mwaka 1666 Barbara naye akafariki. Antoni alioa tena mwaka 1671.

Duka halikuwa riziki yake pekee. Kuanzia mwaka 1660 alikuwa na kazi katika halmashauri ya mji. Mwaka 1669 alifaulu mtihani wa upimaji wa ardhi, na mwaka 1679 akapewa kazi ya kukagua vipimo vya mvinyo unaoingia mjini. Alikuwa mtu wa kupima, kuhesabu na kuandika alichokiona.

Wauza vitambaa wa wakati huo walikuwa na kioo cha kukuzia ili kukagua nyuzi. Yeye hakuridhika na vioo vya dukani. Alijifunza kutengeneza lenzi ndogo sana kwa mikono yake, akaibana kila moja katikati ya vibati viwili vya madini, na kuweka skurubu ya kusogeza kitu anachokitazama. Chombo chenyewe kilitosha kiganjani. Alitengeneza lenzi zaidi ya 500, na katika hadubini zake zilizobaki hadi leo, iliyo bora hukuza kitu zaidi ya mara 250.

Mwaka 1673 daktari wa Delft, Reinier de Graaf, alimtambulisha kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Tangu hapo alikiandikia barua kwa Kidachi, nao wakazitafsiri. Mwaka 1676 alieleza kwamba aliloweka pilipili manga kwenye maji ili ajue ukali wake unatoka wapi, na badala yake akakuta viumbe hai vidogo mno wakiogelea. London walitilia shaka. Muuza vitambaa huyo alikusanya ushuhuda wa watu wa mji wake walioona wenyewe, na mwaka uliofuata mwanasayansi Robert Hooke alirudia jaribio lake akawaona.

Mwaka huo huo wa 1677, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johan Ham alimletea shahawa za mgonjwa wa kisonono ndani ya kichupa. Ham alikuwa ameona humo viumbe wenye mkia, akadhani wametokana na ugonjwa. Leeuwenhoek akajiuliza swali la mfanyabiashara makini: je, mali safi nayo ina kitu hicho? Akachukua shahawa zake mwenyewe, mara tu baada ya tendo la ndoa, akaziweka chini ya lenzi. Akawaona vile vile, wenye kichwa cha mviringo na mkia mrefu mwembamba, wakisonga mbele kama mkunga majini. Alikadiria kuwa milioni moja yao wasingefikia ukubwa wa chembe moja kubwa ya mchanga. Kumbe hawakuwa ugonjwa. Walikuwa sehemu ya mwanamume mwenye afya.

Alijua jambo hilo lina aibu. Katika barua yake ya Novemba 1677 kwa rais wa Royal Society, alieleza wazi kuwa sampuli ilitoka katika ndoa yake, na akamwachia rais uamuzi wa kuichapisha au kuificha iwapo ingewachukiza wasomi. Ilichapishwa kwa Kilatini mwaka 1679.

Mwaka huo alianza pia kuhesabu. Akitumia sehemu ndogo ya shahawa za samaki, alipiga hesabu na kupata bilioni 150 kwa samaki mmoja, zaidi ya mara kumi ya idadi ya watu ambayo yeye alidhani dunia ingeweza kubeba.

Palikuwa na kosa kubwa katika fikra zake. Aliamini kwamba mtoto hutokana na mbegu ya mume peke yake, na kwamba mke ni shamba tu la kuikuza. Mabishano hayo yaliendelea hadi mwaka 1876, Mjerumani Oscar Hertwig alipoeleza, kwa kuchunguza mnyama wa baharini mwenye miiba, jinsi kiini cha mbegu kinavyoungana na kiini cha yai.

Leeuwenhoek alifariki Delft mwezi Agosti 1723 akiwa na umri wa miaka 90, akaiachia Royal Society hadubini 26 za fedha.

Kazi aliyoianza sasa ina mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, na toleo la sita mwaka 2021. Mwanamume hutakiwa kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Sampuli hupokelewa kwenye chombo safi, huachwa iyeyuke, na kwa kawaida huchunguzwa ndani ya saa moja. Mtaalamu hutazama wingi, mwendo na umbo la mbegu. Viwango vya chini vya kulinganishia ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja, na asilimia 30 ziwe zinasonga mbele. Aliye chini ya hapo si lazima awe mgumba. Hurudia kipimo na kufanyiwa uchunguzi zaidi.

Inapohitajika kupandikiza, mbegu husafishwa kwanza. Maabara huzizungusha kwenye mashine ili zilizo nzito na nzima zitengane na zilizokufa, au huweka kimiminika maalumu juu ya shahawa na kusubiri zenye nguvu ziogelee zenyewe kupanda juu.

WHO inakadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi maishani. Upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na wa mke, unahusika katika karibu nusu ya kesi. Hata hivyo, pande zote za mipaka yetu, mtoto asipopatikana ni mke anayeitwa tasa. Yeye ndiye anayezungushwa hospitali na kwa waganga, na mtaji wa duka huishia kwenye nauli na dawa kabla mume hajapimwa hata mara moja.

Leeuwenhoek aliishi zama ambazo aibu ya jambo hili ilikuwa kubwa kuliko leo, lakini sampuli aliyoitazama ilikuwa yake. Wanandoa waliokaa mwaka mzima wakitafuta mtoto bila kufanikiwa wanashauriwa kwenda kupimwa wote wawili, siku moja.