Oskar Barnack: fundi mwenye pumu aliyetuachia kipimo cha "fremu kamili"

Heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo, wakitua Ziwa Balangida chini ya Mlima Hanang, swali moja huturudia kila mara: kijana anayetaka kupiga picha za ndege anunue kamera ya kropu au ya fremu kamili?

Anayeuliza hivyo huwa hatanii. Kamera na lenzi yake ni bei ya ng'ombe, tena si mmoja, na akikosea hakuna wa kumrudishia. Mara nyingi ameshaambiwa kwamba fremu kamili ndiyo kamera yenyewe, na hiyo nyingine ni ya wanaojifunza. Kabla hujalipeleka dume mnadani, msikilizaji wetu, fahamu kwanza hilo neno "kamili" lilikotoka. Lilitokana na kazi ya mtu mmoja, fundi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1936. Jina lake ni Oskar Barnack.

Tuanze na maana. Ndani ya kamera ya kisasa kuna sensa. Hii si ile ya kuhesabu watu, ni kibapa kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kwenye kamera ya fremu kamili, kibapa hicho kina milimita 24 kwa 36. Kwenye kamera za kropu ni kidogo zaidi, kama milimita 16 kwa 24. Hiyo 24 kwa 36 aliipanga Barnack, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kijana wa Lynow

Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba 1879 katika kijiji cha Lynow, jimbo la Brandenburg, Ujerumani. Hakupitia chuo kikuu. Aliingia karakana akiwa kijana, akajifunza ufundi wa mitambo midogo inayotaka mkono mtulivu na jicho kali. Mwaka 1902 alipata kazi katika kampuni ya Zeiss mjini Jena, iliyokuwa na sifa kubwa kwa kutengeneza lenzi.

Siku za mapumziko alipenda kutembea katika misitu ya Thuringia na kupiga picha. Shida ilikuwa kifua. Barnack alikuwa na pumu, na kamera ya wakati ule ilikuwa mzigo. Lilikuwa sanduku kubwa lenye stendi yake, na kila picha ilihitaji kioo chake chenye sentimita 13 kwa 18. Ukitaka picha 12, unabeba vioo 12. Anayeijua njia ya kupanda Hanang ataelewa maana ya mzigo kama huo kwa mtu ambaye pumzi zinamkatika.

Miaka hiyohiyo, 1903 na 1904, Mjerumani mwingine alikuwa huku kwetu kaskazini. Carl Georg Schillings alipita maeneo ya Kilimanjaro na nyika ya Wamaasai akipiga picha za wanyama wa porini, hata usiku, kwa mwanga wa unga wa magnesi uliowashwa ukalipuka. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilimpa jina kubwa Ulaya. Lakini vioo na masanduku ya msafara wake vilibebwa na wapagazi wa Kiafrika.

Barnack hakuwa na wapagazi. Alikuwa na kifua chake tu, nacho kilikuwa kibovu. Kwa hiyo akaanza kutafuta namna ya kuipunguza kamera yenyewe.

Jaribio lililoshindwa

Akiwa bado Jena alijaribu njia rahisi: kukigawa kioo kimoja kikubwa ili kibebe picha nyingi ndogondogo. Mzigo ulipungua, ila picha zilipokuzwa zikatoka na chembechembe, hazikupendeza. Barnack akaona kwamba kupunguza ukubwa wa picha peke yake hakutoshi. Picha ndogo inahitaji filamu nzuri na lenzi kali zaidi kuliko picha kubwa. Akaliweka wazo lake kiporo.

Mwaka 1911 alihamia mji wa Wetzlar, kwenye kampuni ya Leitz iliyotengeneza hadubini, vile vifaa ambavyo mtaalamu wa maabara hutazamia vimelea vya malaria. Rafiki yake Emil Mechau, aliyefanya naye kazi Zeiss, alikuwa ametangulia huko. Kazini Barnack alishughulika pia na kamera ya sinema, na hapo akaipata filamu aliyokuwa akiihitaji: mkanda mwembamba wenye upana wa milimita 35.

Katika sinema, kila picha kwenye mkanda huo ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Barnack akaona ni ndogo mno kwa picha ya kusafisha kwenye karatasi. Akaulaza mkanda upite kwa ubavu, akachukua nafasi ya picha mbili za sinema na kuzifanya moja. Ndipo ikapatikana 24 kwa 36. Kufikia mwaka 1914 alikuwa na kamera ya chuma inayoingia katika mfuko wa koti.

Mwaka uleule Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na kamera ile ikabaki ya kwake na ya ofisini kwa takriban miaka 10. Aliendelea kuitumia. Mto ulipofurika Wetzlar mwaka 1920, alipiga picha za mitaa iliyojaa maji.

Uamuzi wa mwaka 1924

Baada ya vita, Ujerumani ilipita katika hali ngumu. Mwaka 1923 fedha yake iliporomoka hadi noti zikakosa thamani. Katika hali hiyo bosi wa kampuni, Ernst Leitz wa pili, alipaswa kuamua kama wataitengeneza kamera ya Barnack kwa wingi. Kampuni ilikuwa ya hadubini, si ya kamera, na baadhi ya washauri wake walikuwa na mashaka. Mwaka 1924 Leitz akaamua itengenezwe. Kama watu wasingeinunua, wafanyakazi ndio wangeumia.

Mtaalamu wa kampuni, Max Berek, alikuwa amesanifu lenzi kali ya kuifaa, na hivyo tatizo la chembechembe lililomshinda Barnack kule Jena likapata dawa. Kamera ilioneshwa kwenye maonesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica, yaani kamera ya Leitz.

Wapiga picha wengi waliozoea vioo vikubwa waliiona kama mchezo wa watoto. Picha ndogo kiasi kile ingefaa nini? Hata leo Wajerumani hukiita kipimo cha 24 kwa 36 "picha ndogo". Kwa hiyo kipimo ambacho leo muuzaji anakusifia kuwa ni kamili, kilipotoka kilidharauliwa kwa udogo wake.

Leica ilishinda kwa sababu mtu aliweza kuwa nayo mkononi jambo lilipotokea. Mwaka 1935 ilishapata hata lenzi ya milimita 200 kwa ajili ya vitu vya mbali. Barnack alifariki tarehe 16 Januari 1936 mjini Bad Nauheim, akiwa na miaka 56.

Sasa turudi kwetu

Kamera za dijitali zilipoanza kuenea, sensa kubwa ilikuwa ghali mno kutengeneza. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilitoka na sensa ndogo, ile tunayoiita kropu. Canon ilileta yake ya 24 kwa 36 mwaka 2002, na hapo kipimo cha Barnack kikaitwa fremu kamili. Angalia jambo moja: kropu, yenye kama 16 kwa 24, inakaribia ile picha ya sinema ya 18 kwa 24 kabla Barnack hajaiunganisha mara mbili. Vyote viwili vinatoka kwenye mkanda uleule.

Kwa mpiga picha wa ndege, tofauti zake ni hizi. Sensa ya kropu hukata kingo za picha, kwa hiyo ndege huonekana amejaa zaidi. Lenzi ya milimita 400 kwenye kropu hukupa picha iliyobanwa kama ya milimita 600 kwenye fremu kamili. Lenzi ya 600 ni nzito na bei yake inatisha. Kwa heroe walio katikati ya Balangida, ambako tope halikuruhusu kusogea na jua ni kali, kropu inakutosha vizuri. Hata kwa ndege wa majini pale Basotu, mchana kweupe, ni hivyohivyo.

Fremu kamili ina sensa yenye eneo zaidi ya mara mbili, hivyo hukusanya mwanga mwingi zaidi. Faida hiyo utaiona ndani ya Msitu wa Nou kule Mbulu, asubuhi yenye ukungu, ndege akiwa kivulini. Hapo kropu huanza kutoa chembechembe, ugonjwa uleule wa Jena.

Wapo wanaosema ununue fremu kamili, kisha ukate picha nyumbani. Inawezekana, ila kamera ya nukta milioni 24 ikikatwa kwa kipimo cha kropu inabaki na kama milioni 10 na nusu. Utakuwa umelipia ng'ombe mzima ukala paja.

Ushauri wetu ni huu. Kama ndege wako wako mbali na kwenye mwanga, na fedha ni ya kubana, chukua kropu, hata iliyotumika, na fedha inayobaki iweke kwenye lenzi. Kama kazi yako ni msituni na unaweza kumudu lenzi ndefu pamoja na uzito wake, fremu kamili itakulipa. Ukiwa dukani, ishike kamera pamoja na lenzi yake na ujiulize kama utapanda nayo mlima. Barnack alianza na swali hilo, kwa sababu kifua chake hakikumruhusu kulikwepa.