MPIGA PICHA WA NJIANI: MAISHA YA HENRI CARTIER-BRESSON

Kila aliyepitia shule hii anayo mahali fulani ile picha ya kumaliza kidato cha nne. Mbele wameketi walimu, nyuma wamesimama wanafunzi, mashati yamechomekwa, na hakuna hata mmoja anayecheka. Ni picha ya heshima na tunaitunza. Lakini tukikutana, picha inayopita mkono kwa mkono hadi pembe zake zikakunjika ni nyingine kabisa: mwenzetu anakimbilia kengele ya chakula, sahani mkononi, ndala moja imebaki nyuma. Makala haya yanamhusu mtu aliyezitafuta picha za aina hiyo ya pili katika miji ya dunia kwa muda wa miaka arobaini.

Henri Cartier-Bresson alizaliwa tarehe 22 Agosti, 1908, huko Chanteloup, si mbali na Paris. Ukoo wake ulikuwa wa matajiri wenye kiwanda cha nyuzi za kushonea, na baba alitazamia kwamba kijana atakirithi. Kijana hakutaka. Mtihani wa kumaliza sekondari ulimshinda (wanafunzi wa sasa msishangilie mapema, kwani alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu maisha yake yote), akaenda kujifunza uchoraji kwa André Lhote. Mwalimu huyo alikuwa mkali sana juu ya mpangilio wa mistari na maumbo ndani ya picha. Henri alichoka na ukali huo akaondoka, lakini jicho lake lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Akiwa na umri wa miaka 22 hivi alisafiri kwenda Kodivaa, wakati huo koloni la Ufaransa. Huko aliishi kwa kuwinda usiku kwa taa na kuwauzia wenyeji nyama. Mwindaji hujifunza kunyata, kunyamaza na kutofyatua kabla ya wakati, nami naamini shule hiyo ilimfaa kuliko ile ya Lhote. Halafu malaria ilimshika, ile kali ya kukojoa damu. Alipoona anakufa aliandika nyumbani akieleza azikwe wapi na apigiwe muziki gani. Jibu lililorudi kutoka kwa jamaa zake lilikuwa kwamba babu anaona mazishi hayo yana gharama kubwa mno, hivyo ni heri arudi kwanza akiwa hai. Akapona, akarudi.

Aliporudi Ufaransa aliona katika jarida picha moja ya Mhangari Martin Munkácsi. Ni ya wavulana watatu weusi, uchi, wanaokimbilia mawimbi, miili yao kama vivuli juu ya povu jeupe. Picha hiyo ilipata jina la Ziwa Tanganyika, na kwa jina hilo imetutia fahari sisi watu wa upande huu, ingawa watafiti wa baadaye wamesema huenda ilipigwa Liberia. Cartier-Bresson alikiri hadi uzeeni kwamba picha hiyo ndiyo iliyowasha moto ndani yake, akatoka nyumbani na kamera akaingia mitaani. Majina ya wale wavulana hayamo katika maelezo ya picha. Hilo nitalirudia.

Mwaka 1932, mjini Marseille, alinunua kamera ndogo ya Kijerumani, Leica. Wapiga picha wengi wa siku zile walibeba masanduku makubwa, na mtu akiona sanduku hujiweka sawa na kukaza uso. Leica ilikaa ndani ya kiganja. Sehemu zake zing'aazo alizifunika kwa utepe mweusi, akakataa fleshi, na karibu maisha yake yote alitumia lenzi ya milimita 50. Desturi yake ilikuwa kuchagua kwanza mahali, kwa mfano ngazi, ukuta au kona yenye mwanga mzuri, kisha kungoja mtu apite.

Picha yake mashuhuri kuliko zote ni ya mwaka huo huo wa 1932. Nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris, maji yalikuwa yametuama. Bwana mmoja mwenye kofia alikanyaga ngazi iliyolala majini, akaruka. Katika picha yuko hewani; kisigino chake kimekaribia maji lakini hakijayagusa, na kivuli chake chini kinamsubiri. Ukutani nyuma kuna tangazo lenye mchezaji aliyeruka vilevile. Cartier-Bresson alikuwa amepenyeza lenzi katika ufa wa uzio wa mbao, na kwa maelezo yake mwenyewe hakumwona hata yule bwana akiruka, kwa sababu ufa ulitosha lenzi tu, wala haikutosha vizuri. Alipoulizwa baadaye, alisema ilikuwa bahati, na kwamba daima ni bahati. Sawa. Lakini waliopita mbele ya uzio ule siku ile walikuwa wengi, na aliyechungulia ni yeye.

Tarehe 12 Mei, 1937, gazeti moja la Paris lilimtuma London, siku ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita. Yeye akampa mfalme mgongo, akawapiga picha waliokuja kumtazama. Katika mojawapo, pale Trafalgar Square, watu wamejipanga juu ya ukuta wakikodoa macho, na chini yao, juu ya lundo la magazeti, amelala mtu usingizi wa pono.

Vita vilipokuja alitekwa na Wajerumani, Juni 1940, lakini alikuwa ameshaizika Leica yake ardhini katika milima ya Vosges. Alikaa utumwani karibu miaka mitatu. Mara mbili alitoroka akakamatwa; mara ya tatu, mwaka 1943, akafanikiwa, akaenda kuifukua kamera. Huku nyuma, jumba la sanaa za kisasa la New York lilidhani amekufa, likaanza kuandaa maonyesho ya kumkumbuka marehemu. Marehemu akatokea akasaidia kuyatayarisha, yakafunguliwa mwaka 1947. Mwaka huo huo yeye, Robert Capa na wenzao walianzisha Magnum, ushirika ulioendeshwa na wapiga picha wenyewe na uliowaachia haki ya picha zao.

Tarehe 30 Januari, 1948, alikuwa Delhi, akaonana na Gandhi. Muda mfupi baada ya kuagana naye, Gandhi alipigwa risasi. Desemba ya mwaka huo alikuwa Shanghai, fedha za karatasi zikiwa hazina thamani tena, na umati ukigombea kununua dhahabu benki. Katika picha yake watu wamebanana mpaka mikono haijulikani ni ya nani. Anayejua foleni atazielewa nyuso zile bila kuambiwa lolote.

Kitabu chake cha mwaka 1952 kiliitwa kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya wakati wa kuamua, na jina hilo likaenea duniani. Jina la Kifaransa ni tofauti. Linatokana na wachuuzi wa njiani wasio na leseni, wanaotandika bidhaa huku jicho likitafuta askari, tayari kukunja kitambaa na kukimbia. Mimi naona la Kifaransa ndilo la kweli zaidi. La Kiingereza lamfanya kama hakimu; yeye alikuwa mtu wa kuchukua haraka na kuondoka kabla hajaulizwa.

Na hapa narudi kwa wale wavulana. Yule aliyelala London, yule aliyeruka Paris, wale wa foleni ya Shanghai, hawakuombwa ruhusa, na wengi wao hatujui majina yao. Mwenyewe hakupenda kabisa kupigwa picha, na alizoea kuuficha uso kamera ikielekezwa kwake. Alisema akijulikana sura hataweza tena kufanya kazi mitaani. Hoja hiyo ina nguvu, lakini kwangu haikufuta deni. Hata hivyo sikumbuki picha yake mashuhuri iliyomcheka mnyonge.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliiweka kamera kando, akarudi kwenye penseli aliyoiacha ujanani. Wageni waliomfuata wakitaka kuzungumza picha waliwekewa michoro mbele. Mwaka 2003 wakfu wenye jina lake ulifunguliwa Paris kuzihifadhi kazi zake. Alifariki kusini mwa Ufaransa tarehe 3 Agosti, 2004, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 96.